Kupishana kwa majira: karibuu anapofika majani yameshakomaa

Umetoka Dar kwenda Tanga kumwona ndugu yako, kumbe naye asubuhi ileile amepanda basi kuja Dar kukuona wewe. Hakuna aliyepotea njia, hakuna aliyechelewa. Mmepishana tu, pengine hapo Chalinze, kila mmoja akichungulia dirisha lake. Wataalamu wa viumbe wana dhana inayofanana na kisa hicho, nami kwa Kiswahili naiita kupishana kwa majira: viumbe viwili vimezoea kukutana siku fulani ya mwaka, kimoja kikaihamisha siku hiyo, na kingine hakina habari. Mfano unaotajwa sana ni wa mnyama anayeishi kaskazini kabisa mwa dunia, katika nchi ya theluji inayoitwa Aktiki.

Mnyama huyo ni karibuu. Naandika u mbili makusudi, lisije likachanganywa na neno la kumpokea mgeni. Asili ya jina ni lugha ya Wamikmaq wa mashariki mwa Kanada. Wafaransa wakalichukua kwao, na maana yake ni mchimba theluji. Ni wa jamii ya kulungu, tena ni spishi moja na wale wanaochorwa wakivuta gari la Baba Krismasi, ambao huko Ulaya ya kaskazini na Urusi wengi wao ni mifugo. Katika jamii hiyo nzima yeye peke yake ndiye ambaye hata jike huota pembe. Manyoya yake yana uwazi ndani, kwa hiyo hewa inakaa humo na kuzuia baridi. Lakini kilichonivutia mimi ni ukwato. Majira ya joto nyama laini ya chini ya ukwato hutanuka ili mnyama asizame kwenye matope. Baridi ikiingia nyama ile husinyaa, ukingo mkali wa ukwato ukabaki nje, na huo ndio unaoshika barafu na kuchimba theluji kutafuta chakula. Ukumbuke ukwato huu, tutaurudia.

Karibuu ni msafiri. Utafiti uliotoka mwaka 2019 ulilinganisha safari za wanyama wanaohama nchi kavu duniani, na makundi ya karibuu yakaongoza: kwenda na kurudi, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 1,200. Nyumbu wetu wa Serengeti, pamoja na sifa zao zote, waliachwa nyuma. Tena nyumbu anazunguka akiifuata mvua. Karibuu anahama kati ya pande mbili zenye kazi tofauti. Kusini, karibu na misitu, ndiko anakokaa miezi ya baridi akila likeni, kitu kama ukoga mkavu unaoota juu ya ardhi, mawe na vigogo. Kaskazini, kwenye tundra isiyo na miti, ndiko jike anakokwenda kuzaa, kwa sababu mbwamwitu ni wachache na majani machanga yanachipua mara tu theluji inapoyeyuka.

Hapo ndipo saa za aina mbili zinapoingia, ya mnyama na ya majani. Karibuu hupandana mwezi wa kumi. Mimba inachukua kama miezi saba na nusu, kwa hiyo ndama wengi huzaliwa mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, karibu wote kwa wakati mmoja. Kinachowaambia wanyama kwamba wakati wa kupandana umefika ni mchana unaozidi kuwa mfupi. Mchana huo unatokana na mwendo wa dunia kulizunguka jua, na hata joto likipanda namna gani, urefu wake mwezi wa kumi ni uleule wa enzi za babu zao. Majani nayo yana saa nyingine. Yanangoja theluji iyeyuke na udongo upate joto. Tangu mwaka 1979 Aktiki imepata joto kwa kasi inayokaribia mara nne ya wastani wa dunia, na saa ya majani imesogea mbele.

Siku chache kwani zina nini? Uliza mtu yeyote aliyewahi kuchelewa kuchuma mchicha. Wiki ya kwanza ni laini, wiki ya tatu unatafuna vijiti. Majani ya tundra ni vivyo hivyo: yanapochipua yana protini nyingi, yakikomaa yanabaki nyuzinyuzi. Na jike anayahitaji zaidi katika wiki zile za kwanza za kunyonyesha. Ametoka kwenye miezi minane ya baridi, amekonda, na ndama wake ndani ya siku moja au mbili anatakiwa awe anakimbia na kundi. Maziwa hayo yote yanatoka kwenye vichipukizi.

Watafiti Eric Post na Mads Forchhammer waliliangalia jambo hili magharibi mwa Greenland, karibu na Kangerlussuaq. Mwaka 2008 walitangaza kwamba mimea ilikuwa ikianza kuota mapema zaidi mwaka hadi mwaka, huku siku za karibuu kuzaa zikisogea kidogo mno. Uzalishaji wa ndama ulikuwa umeshuka hadi kama robo ya ule wa awali. Ni kazi iliyosambaa sana, na tangu hapo ukisoma habari yoyote kuhusu karibuu na tabianchi, kisa hiki hakikosekani.

Mimi naona kimetumiwa kupita kiasi. Kaskazini mwa Alaska watafiti wengine walipima nitrojeni iliyomo kwenye majani, maana ndiyo inayoonyesha kiasi cha protini, na wakakuta kwamba majike bado walikuwa wanapata chakula cha kutosha wakati wa kunyonyesha. Hawakuuona mpishano wa aina ile ya Greenland. Kisha kuna jambo lililogunduliwa kwa kuwavalisha karibuu mikanda ya shingoni yenye vifaa vya setilaiti: siku ya kuondoka kusini inabadilika sana mwaka hadi mwaka, lakini siku ya kufika kwenye uwanja wa kuzalia haibadiliki sana. Walioondoka kwa kuchelewa hukaza mwendo. Kwa hiyo karibuu si saa iliyokwama. Ana nafasi fulani ya kujirekebisha, na upana wa nafasi hiyo unategemea kundi na nchi anayopitia. Kupishana kwa majira ni swali la kuuliza kila kundi peke yake. Si jibu la kubandika kwa wote.

Tena kwa maoni yangu, hatari kubwa zaidi haipo kwenye majani ya Juni. Ipo kwenye mvua ya Novemba.

Mtu wa nchi ya joto ataona ajabu: joto limepanda, theluji imepungua, mnyama wa baridi kwa nini asifurahi? Tuurudie ukwato. Theluji ya kawaida ni kama unga. Karibuu ananusa likeni iliyoko chini yake, anapiga ukwato, anachimba shimo, anakula, anasogea kuchimba lingine. Siku nzima ni kazi hiyo. Sasa katikati ya miezi ya baridi kije kijoto cha siku mbili, na badala ya theluji inyeshe mvua. Maji yanapenya kwenye theluji mpaka chini. Baridi ikirudi usiku, maji yanaganda na kuwa kigae kigumu kilichokaa juu ya chakula chote cha wilaya nzima. Likeni ipo pale pale, lakini ukwato unateleza. Mnyama anapiga, anapiga, mpaka nguvu aliyotumia inazidi ile ambayo angeipata kwa kula.

Kwenye rasi ya Yamal, Siberia, ambako Wanenets wanafuga wanyama hawa kwa maelfu, mvua ya namna hiyo ilinyesha Novemba 2013. Kigae hakikuyeyuka mpaka majira ya kuchipua. Walikufa wanyama 61,000, kutoka jumla ya kama 275,000 waliokuwepo kwenye rasi hiyo. Miaka saba kabla yake, mwaka 2006, walikufa 20,000 kwa sababu hiyohiyo. Chanzo kinachotajwa ni bahari. Barafu ya baharini ikichelewa kuganda, maji yanabaki wazi, mvuke unapanda, na mvuke huo unakwenda kuanguka nchi kavu kama mvua wakati ambao ilipaswa kuwa theluji. Karibuu wadogo weupe wa visiwa vya kaskazini kabisa vya Kanada, wanaoitwa karibuu wa Peary, walikwisha kupigwa na vifo vya namna hiyo kati ya 1995 na 1997.

Na majira ya joto je? Hapo adui ni mbu. Mbu wa tundra wanapopata siku yenye joto isiyo na upepo, karibuu anaacha kula. Anakimbia kwenda ufukweni kwenye upepo, au anasimama juu ya kipande cha theluji kilichobaki kwa sababu mbu hawapendi ubaridi ule. Kuna na nzi ambao mabuu yao huishi chini ya ngozi ya karibuu, na wengine ndani ya pua. Saa anazokimbia ni saa ambazo hajala, na jike asipojaza mafuta mwilini kabla ya mwezi wa kumi huenda asishike mimba kabisa. Kwa hiyo mbu wa Julai anaweza kumzuia ndama wa Juni inayofuata.

Cha kuchekesha kidogo ni kwamba hao mbu ndio wanaowasaidia wanaohesabu. Huko Alaska wahusika wanasubiri siku ya mwezi wa saba yenye joto, mbu wakiwa wakali, na karibuu wamebanana maelfu kwa maelfu ili kila mmoja apate kung'atwa kidogo. Ndipo ndege inapita juu na kupiga picha, na mnyama mmoja mmoja anahesabiwa kwenye picha.

Picha hizo hazina habari njema. Ripoti ya Aktiki ya mwaka 2018 ilisema kwamba karibuu wanaohama kwenye tundra na ndugu zao wa porini huko Siberia walikuwa wameshuka kutoka milioni 4.7 hadi milioni 2.1 katika miongo miwili. Kundi la Bathurst huko Kanada lilikuwa na karibuu kama 470,000 mwaka 1986. Mwaka 2021 walikadiriwa 6,240. Kundi la Aktiki Magharibi la Alaska lilifika 490,000 mwaka 2003, na mwaka 2023 walibaki kama 152,000.

Ila usiziweke takwimu zote hizi kwenye gunia moja lililoandikwa tabianchi. Makundi ya karibuu hupanda na kushuka kwa mawimbi ya miongo mingi, na wazee wa jamii za huko walilijua hilo kabla hakujawa na ndege za kupiga picha. Kuna barabara za migodi ambazo wanyama huzifikia na kusita kwa siku kadhaa, wengine wiki. Kuna uwindaji. Kuna moto wa misitu unaounguza likeni, na likeni ikiungua huchukua miongo kadhaa kurudi. Kuna vichaka vya mierebi vinavyopanda kaskazini na kuifunika. Na kuna kundi moja, la Porcupine, kwenye mpaka wa Alaska na Yukon ya Kanada, ambalo mwaka 2017 lilifika 218,000, idadi ya juu kuliko zote zilizowahi kuhesabiwa kwake, wakati majirani zake wakiporomoka.

Visiwa vya Svalbard vya Norwe vinatatiza hesabu zaidi. Huko wanyama hawa hawahami mbali, na wamekuwa wakipimwa uzito kwa miaka mingi. Jike mzima aliyezaliwa mwaka 1994 alikuwa na wastani wa kilo 55; wa mwaka 2010 alikuwa na kilo 48. Wanakonda kwa sababu ya mvua juu ya theluji. Hata hivyo idadi yao imeongezeka, kwa kuwa majira ya joto marefu yanaotesha majani mengi na majike wengi wanashika mimba. Mwaka 2019 zaidi ya mizoga 200 iliokotwa baada ya kipindi kimoja cha baridi. Joto lilelile linawazidisha kwa mkono mmoja na kuwapunguza kwa mkono wa pili.

Kuna mpishano mwingine ambao hauzungumzwi sana, nao ni wa karibuu na anayemla. Kwenye mto Kobuk, kaskazini magharibi mwa Alaska, kuna mahali panaitwa Onion Portage ambapo watu wamekuwa wakiwavizia karibuu wanapovuka kwa takribani miaka 9,000. Wainupiat wa vijiji vya mto huo waliwazoea mwezi wa tisa: boti iko majini, karibuu wanaogelea, madume wamenona. Lakini kinachowaamsha karibuu kushuka kusini ni baridi na theluji ya kwanza, na siku hizi vyote viwili vinachelewa. Miaka mingine kundi linafika mto ukiwa umeanza kuganda: barafu ni nyembamba mno kuibeba pikipiki ya theluji, na ni nene mno kwa boti kupita. Hata ukifanikiwa kuvuka, madume wameshaanza kupandana, na nyama ya dume aliye katika kipindi cha kupandana inanuka kiasi kwamba hakuna anayetaka kuiweka sufuriani.