Homa haitoki kwa bakteria

Nikisema kazi yangu ni kuchunguza kinga ya mwili, swali linalofuata karibu kila mara ni hili: nifanye nini kinga yangu iongezeke? Huwa napata taabu kulijibu, kwa sababu wagonjwa wanaoninyima usingizi ni wale ambao kinga yao imefanya kazi kupita kiasi. Mapafu yao yamejaa seli za ulinzi, hewa haina pa kupita.

Tuanze na homa. Wengi tumekua tukiamini kwamba bakteria au virusi ndio wanaotupandisha joto. Sasa chukua kipande tu cha ukuta wa bakteria, yale mafuta yaliyoshikana na sukari yanayoitwa lipopolisakaridi. Watu wenye afya njema waliojitolea kwa utafiti wakidungwa nanogramu 2 hadi 4 kwa kila kilo ya uzito wao, ndani ya saa chache wanatetemeka, kichwa kinawauma, joto linapanda. Nanogramu moja ni sehemu moja ya bilioni ya gramu, na hakuna kiumbe hai hata kimoja kilichoingia mwilini. Homa yote ile mwili umeitengeneza wenyewe: seli zimemwaga saitokini, yaani protini zinazobeba ujumbe kati ya seli, ujumbe umefika kwenye ubongo kupitia kemikali iitwayo prostaglandini, na ubongo umepandisha kipimo chake cha joto. Ndiyo maana dawa ya kutuliza homa inashusha joto bila kumgusa bakteria. Inachozuia ni prostaglandini.

Neno tulilozoea, uvimbe, linabeba dalili moja tu kati ya nne alizoziandika Mrumi Celsus karibu miaka 2,000 iliyopita: wekundu, joto, kuvimba na maumivu. Kwa hiyo nitasema inflamesheni, nikimaanisha zote nne pamoja na shughuli inayoendelea chini ya ngozi.

Shughuli hiyo inaanza kwa kutambua. Kinga ya asili, ile tunayozaliwa nayo, haina haja ya kukutana na ugonjwa kwanza ndipo iujue. Mwaka 1989 mwanasayansi Mmarekani Charles Janeway alitabiri kwamba lazima seli zetu ziwe na vipokezi vinavyotambua alama za jumla za vijidudu. Mwaka 1996 maabara ya Jules Hoffmann huko Ufaransa ilionyesha kwamba nzi wa matunda aliyeharibiwa jeni iitwayo Toll anauawa na kuvu, na mwaka 1998 kundi la Bruce Beutler likagundua kwamba kipokezi cha jamii hiyohiyo ndicho kinachowafanya panya waihisi lipopolisakaridi. Binadamu tuna vipokezi 10 vya ukoo huo: kimoja cha ukuta wa bakteria, kingine cha mkia anaoogelea nao, vingine vya chembe za urithi za virusi.

Lakini mimi nimeyatoa maisha yangu kwa nyutrofili. Hizi ndizo seli nyeupe zilizo nyingi kuliko zote katika damu ya mtu mzima, na uboho hutengeneza takriban bilioni 100 kila siku kwa sababu hazidumu. Ukichomwa na mwiba, mishipa midogo ya pale hutanuka na damu inapunguza mwendo. Nyutrofili zilizokuwa zikipita zinaanza kujiviringisha kwenye ukuta wa mshipa, zinanasa, kisha zinajipenyeza kati ya seli za ukuta huo na kutoka nje. Mwanasayansi Mechnikov aliliona jambo la namna hii mwaka 1882 huko Messina, Italia. Alichoma miiba ya waridi ndani ya viluwiluwi vya kiti cha pweza, ambavyo miili yao inapenya mwanga, na asubuhi yake akakuta seli zimeuzunguka mwiba. Mimi huziona chini ya hadubini. Nyutrofili ikinusa bakteria inatoa ulimi upande ule, mwili wote unamiminikia kwenye ulimi, inasogea. Bakteria akisukumwa na maji kwenda kushoto, nayo inakata kona kushoto. Nimelitazama hilo mara nyingi sana na bado huacha kila kitu nikatazama.

Nikiwa mwanafunzi nilipoteza wiki mbili kwa kosa lililonifundisha kuliko mihadhara. Mirija yangu ya kulinganishia, isiyokuwa na bakteria yeyote, ilionyesha nyutrofili zilizokwisha kumwaga vimeng'enya vyao vyote. Niliibadilisha dawa, nikabadilisha maji, nikasafisha kila kitu. Tatizo lilikuwa mkono wangu: nilikuwa nikizivuta na kuzisukuma kwa pipeti kwa nguvu mno. Kutikiswa tu kumezitosha kuamini kuna vita.

Na ndani ya mwili ni vivyo hivyo. Seli zetu zina mitokondria, vinu vya nishati ambavyo zamani za kale vilitokana na bakteria. Mtu akipondeka vibaya katika ajali, mitokondria zinapasuka, na DNA yake, ambayo bado inafanana na ya bakteria, inamwagika kwenye damu. Nyutrofili zinaitikia kana kwamba kuna maambukizi. Mgonjwa anaweza kuonekana ana sepsisi, yaani maambukizi yaliyoifanya kinga iudhuru mwili wenyewe, ilhali hakuna kijidudu cha kuotesha maabara.

Silaha za nyutrofili hazichagui pia. Kimeng'enya kinachomla bakteria kinazila na nyuzi za mapafu. Mwaka 2004 watafiti huko Berlin walieleza jinsi nyutrofili inavyoweza kuitupa DNA yake nje kama wavu, ikanasa bakteria ndani yake. Wavu huohuo ukitanda kwenye mishipa, damu inaganda.

Kwa hiyo swali langu ni jinsi moto huu wa inflamesheni unavyozimwa. Zamani tulidhani unafifia wenyewe kuni zikiisha. Sivyo: kuzima ni kazi, ina watu wake. Nyutrofili iliyomaliza kazi inajiua kwa utaratibu, bila kupasuka, na inageuza nje alama inayosema ‘nile’. Makrofeji, seli kubwa ya kinga inayokula mabaki, inakuja na kuimeza nzima. Mlo huo unaibadilisha makrofeji. Inapunguza saitokini za kuchochea, inaanza kutoa zile za kutuliza na kukarabati. Nyutrofili isipomezwa kwa wakati, inapasuka, yaliyomo yanamwagika, na nyutrofili nyingine zinaitwa. Huo ndio usaha unaokataa kukauka.

Matabibu wamelipia somo hili kwa gharama kubwa. Katika miaka ya 1990 dawa za kuizuia saitokini TNF zilijaribiwa kwa wagonjwa wa sepsisi, na matumaini yalikuwa makubwa, lakini hazikuwaokoa kama ilivyotarajiwa. Dawa za kundi hilohilo zinawasaidia sana wenye baridi yabisi, ila mwaka 2001 ilibainika kwamba baadhi yao wanaamkiwa na kifua kikuu kilicholala, kwa kuwa TNF ndiyo inayoshikilia ukuta uliowafungia bakteria wale. Halafu ikaja 2020. Jaribio la RECOVERY la Uingereza lilionyesha kwamba deksamethasoni, dawa inayoituliza kinga, miligramu 6 kwa siku, ilipunguza vifo kwa theluthi moja kwa wagonjwa wa Uviko-19 waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, na kwa moja ya tano kwa waliohitaji oksijeni bila mashine. Kwa wale ambao hawakuhitaji oksijeni haikuleta faida yoyote. Dawa ni ileile na virusi ni vilevile. Tofauti ni ugonjwa ulipofikia, na sielewi jinsi mtu anavyoweza kuyatazama matokeo yale kisha akaendelea kuuza vidonge vya kuongeza kinga.

Wiki hii nimezilisha makrofeji nyutrofili zilizokufa, kisha nikawaongeza bakteria baada ya saa 2, saa 6 na saa 24. Nataka kujua ni kwa muda gani makrofeji iliyoshiba inabaki mpole, na kama bakteria wa pili wanaweza kuutumia upole huo kujipenyeza, jambo linalonitia wasiwasi kila nikifikiria nimonia inayomrudia mtu aliyekwisha kupata nafuu. Damu inafika saa moja asubuhi, ikiwa bado na joto. Nyutrofili hazingoji, na mirija naibeba mwenyewe, polepole.