Unakwenda Kilimanjaro? Anza kwa Kujifunza Kushuka

Kila mwaka mvua zinapoelekea kuisha hapa Kigoma, watu huanza kunijia na swali lilelile: nifanye mazoezi gani ili nipande Kilimanjaro? Wapo walimu, wapo watumishi wa ofisini, wapo vijana waliochangishana kikundi kizima. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, kazi yangu ya kila siku ni magoti, nyonga na migongo, na jibu langu huwashangaza wengi: kupanda utapanda, nionyeshe kwanza unavyoshuka.

Chukua njia ya Marangu. Usiku wa kilele unaondoka kambi ya Kibo, mita 4,720 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Unapanda mita 1,175. Lakini siku hiyo hulali tena Kibo. Unapumzika kidogo, kisha unateremka mpaka kambi ya Horombo, mita 3,720. Ukijumlisha, umeshuka mita 2,175, karibu mara mbili ya ulizopanda, tena ukiwa umekesha na tumbo limegoma kula. Anayepita Machame huanzia kambi ya Barafu, mita 4,673, na mara nyingi hulala Mweka, kwenye mita 3,100 hivi. Huyo anateremka karibu mita 2,800 kwa siku moja. Wanaonirudia na magoti yaliyovimba karibu wote huniambia yaliwaanza wakiwa wanarudi, kileleni walishafika, picha walishapiga.

Kushuka kunadanganya. Ukipanda unahema, moyo unadunda, jasho linatiririka, unajua kabisa mwili unafanya kazi. Ukishuka unapiga soga. Pumzi imetulia, na unaona hapa sasa ni mapumziko. Kumbe kazi imehama tu, imetoka kwenye mapafu ikaenda kwenye mapaja. Msuli wa mbele ya paja, uliokusukuma juu kwa kujikunja, sasa ndio breki yako: unakaza ili usiporomoke, na papo hapo uzito wako unauvuta urefuke. Msuli unaorefuka huku umekaza huumia kuliko unaojikunja. Nyuzi zake huchanika kidogo kidogo, na maumivu hayaji hapohapo. Huja kesho yake, na mara nyingi siku ya pili ndiyo kali zaidi, mtu anashuka kitandani kwa kushika ukuta. Nguvu ya paja nayo hupungua kwa siku kadhaa. Paja likilegea, mshtuko wa kila hatua unabebwa na goti.

Sasa habari njema, na ndiyo sababu nimeamua kuandika. Msuli ukishaumia kidogo namna hiyo na kupona, mara nyingine mteremko uleule hauuumizi tena kwa kiasi kile. Kinga hiyo hudumu kwa wiki kadhaa, hata kama mara ya kwanza ulishuka kidogo tu. Miguu inafundishika, na inafundishika kwa njia moja: kushuka, kupumzika, kushuka tena.

Kwa hilo Kigoma tumejaliwa. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi, na mji umepanda vilima kutoka ufukweni. Toka stesheni ya reli fuata barabara ya Lumumba mpaka Mwanga, mwinuko unao. Toka Kibirizi kata juu, mwinuko unao. Ukiwa na Jumamosi nzima, panda gari la Kalinzi, huko kwenye kahawa na migomba, ukatembee kwenye vilima vya kweli na hewa ya baridi. Gombe na Mahale ni hifadhi za taifa, huingii bila utaratibu wala mwongozaji, kwa hiyo si mahali pa mazoezi ya kila wiki. Ila kikundi kikijaliwa fedha na muda, mlima Nkungwe kule Mahale una mita 2,462, na safari yake inaanzia ziwani kabisa. Sijui rihasali bora kuliko hiyo kwa mtu wa huku.

Kuna kijana alinijia akasema, "Dokta, mimi nakimbia kila asubuhi mpaka Ujiji na kurudi, niko fiti." Nilimwamini. Pumzi yake ilikuwa nzuri kweli. Nikamsimamisha kwenye ngazi ya barazani, mguu mmoja juu ya ngazi, mwingine unaning'inia mbele, nikamwambia ateremshe kisigino kile taratibu mpaka kiguse sakafu, akihesabu moja mpaka nne, kisha arudi juu bila kujisukuma na mguu wa chini. Alipofika mbili goti lilikimbilia ndani, nyonga ya upande wa pili ikaanguka, na tatu na nne zikaja kwa pamoja kwa kishindo. Mguu wa kushoto ulikuwa mbaya zaidi.

Jipime hivyo nyumbani, mbele ya kioo au mtu akurekodi kwa simu. Tazama goti la mguu uliosimama: lielekee kwenye kidole cha pili, lisiingie ndani. Tazama mkanda wa suruali: ubaki sawa, usipinde. Kama unaweza kushusha mara 15 kwa kila mguu, polepole, bila goti kuyumba na bila maumivu, nenda vilimani ukaanze mazoezi. Kama huwezi, fanya zoezi hilohilo mara tatu kwa wiki kwa mwezi mzima, ukianza na ngazi fupi. Hulipii chochote, na kwa magoti mengi ninayoyaona linafaa kuliko mashine yoyote ya jimu.

Mpango wenyewe naupendelea uanze Mei, njia zikishakauka, kwa anayelenga Septemba au mwanzo wa Oktoba. Udongo wetu mwekundu wakati wa masika unateleza kama sabuni, na goti lililoteguka mazoezini linafuta safari nzima. Wiki za kwanza shuka kidogo kuliko unavyotamani: jumla ya mita 150 hivi kwa siku inatosha kabisa. Simu nyingi sasa zina programu ya kupima mwinuko, itumie. Tuseme kilima chako kina mita 60. Mizunguko miwili au mitatu, basi, nenda nyumbani ukasikilize mapaja kwa siku mbili. Yakitulia, wiki inayofuata ongeza mzunguko. Siku ngumu za kushuka ziwe mbili kwa wiki, zisifuatane. Siku nyingine tembea tambarare, au kimbia kwako Ujiji kama ndiyo raha yako. Kufika Agosti, siku yako ndefu ya wiki iwe ya saa tano au sita, na jumla ya kupanda na kushuka ifike mita 800 hadi 1,000.

Mzigo ubebe wa maji, kwa sababu lita moja ni kilo moja na huhitaji mzani. Anza na lita tatu kwenye begi, kwa chupa au dumu dogo. Mwezi wa kwanza na nusu panda nayo, na ukifika juu yamwage, ushuke mwepesi: mapaja na moyo vimepata kazi ya kupanda, magoti hayajatwishwa kabla ya wakati. (Tafuta mche wa kumwagia. Kuna miembe midogo imekua kwa mazoezi ya watu wangu.) Baada ya hapo anza kushuka na lita moja, kisha mbili, mpaka ufikie kilo sita au nane, ambao ndio uzito wa begi lako la mchana kule mlimani, mizigo mingine hubebwa na wagumu, yaani wapagazi.

Namna ya kushuka kwenyewe nawatuma watu wakaitazame kwa akina mama wa vilima vya Kalinzi na Mkigo wanapoteremka na mizigo kichwani. Hatua ni fupi. Goti halinyooki kabisa, linabaki limelegea kidogo muda wote. Unyayo unatua karibu na mwili, hautangulii mbali mbele kama wa mtu anayejifunga breki kwa kisigino. Kichwa kimetulia. Sisi wenye raba mpya tunarusha miguu mbele, tunatua kwa kisigino na goti likiwa limenyooka, kisha tunalaumu umri. Njia ikiwa kali, ishuke kwa kukata pembeni kama nyoka. Na chukua fimbo mbili, hata za mianzi, ndefu kidogo kuliko unazopandia: zinapunguza mzigo wa goti kwenye mteremko, na kule chini ya Gilman's Point, kwenye ukingo wa kasoko juu ya kambi ya Kibo, ambako ni kokoto na vumbi tupu, utazihitaji usije ukakaa chini bila kupenda.

Kupanda nako kuna jambo moja tu ninalosisitiza. Mwendo wako uwe ule unaokuruhusu kusema sentensi nzima bila kukata pumzi. Ukishindwa, punguza. Vijana wengi hukimbia vilima vya Mwanga wakidhani wanajenga nguvu za Kilimanjaro, na wanachojenga ni mazoea ya mwendo ambao mlima hautawaruhusu.

Na hapa lazima niwe mkweli kuhusu kile ambacho Kigoma haiwezi kukupa. Kileleni mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa pwani, na kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo kwa kiasi hichohicho. Hakuna zoezi la huku ziwani linalozoesha mwili hali hiyo. Mkimbiaji hodari anaweza kuugua pale ambapo mzee wa miaka 60 anapita salama. Kinachosaidia ni siku: ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku, na kila baada ya siku tatu au nne pawe na siku ya kuzoea. Marangu inaruka mita 1,000 kutoka Horombo hadi Kibo, kwa hiyo lipia ile siku ya ziada ya kukaa Horombo. Ni fedha, najua, lakini kama ni lazima kubana, bana kwenye nguo za kukodi, usibane kwenye siku. Kichwa kikiuma na chakula kikikataa, mwambie mwongozaji, na usipande zaidi mpaka utulie. Ukianza kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kuhema hata umekaa, unashuka saa hiyohiyo, iwe usiku, iwe umebakiza hatua chache. Mwenye presha, kisukari, pumu au ugonjwa wa moyo amwone daktari kabla hata ya kununua viatu.

Chakula nitakigusa kidogo. Mtu wa kilo 70 mwenye begi la kilo 8, kunyanyua tu uzito huo mita 1,175 kunamla kilokalori 850 hivi, bado baridi, bado kurudi. Na huko juu hamu ya kula huondoka. Kwa hiyo jizoeze kula unatembea, huku Kigoma, ndizi mbili kila saa au karanga na tende, mpaka tumbo lizoee. Ugali wa muhogo na migebuka uwe wa jioni, si wa asubuhi ya mteremko.

Kucha za miguu zikate siku tatu au nne kabla ya safari, si usiku ule, ili kingo zipoe. Viatu viwe na nafasi ya kidole gumba mbele ya vidole ukiwa na soksi nene. Kabla ya kila mteremko mrefu simama, piga kisigino chini mara mbili kirudi nyuma, kisha kaza kamba kwenye kifundo na uache za vidoleni zimelegea. Asiyefanya hivyo, vidole hugonga mbele kwa saa nne, na kucha hugeuka nyeusi.

Mteremko mgumu wa mwisho uwe siku kumi hadi kumi na nne kabla ya kuanza mlima. Ukiusogeza karibu zaidi utapanda na mapaja yanayouma, ukiupeleka mbali sana kinga inaanza kupungua. Safari ya basi kutoka Kigoma hadi Moshi ni ndefu na miguu huvimba kwa kukaa, kwa hiyo panga ufike siku mbili kabla. Kila basi likisimama, shuka utembee. Ukiwa Moshi tembea saa moja asubuhi na saa moja jioni, bila begi.