Kinga ya muhogo dhidi ya mozaiki imekaa wapi?

Wakulima wa Kabare, Walungu na bonde la Ruzizi wanaijua mozaiki bila kufundishwa: majani ya muhogo hupata mabaka ya njano, hujikunja, mmea ukadumaa. Mama anayeuza sombe hapa Bukavu huiona hasara mapema kuliko anayengoja mizizi. Lakini zipo aina zinazougua kidogo, kisha zikatoa majani mapya safi, hali za jirani zinaangamia.

Virusi vya mozaiki huletwa na inzi weupe, au husafiri ndani ya kijiti cha kupandia. DNA yao ni vipande viwili tu vidogo vya duara, wala havina kimeng'enya chao, yaani protini ya kuinakili DNA hiyo. Vikishaingia ndani ya seli huteka kile cha muhogo wenyewe, ambacho mmea hukihitaji kila seli inapogawanyika ili jani likue. Mwaka 2022 watafiti walionyesha kwamba kinga iitwayo CMD2, iliyogunduliwa katika mihogo ya kienyeji ya Afrika Magharibi, inatokana na badiliko la herufi moja ya DNA kwenye jeni inayounda sehemu ya kimeng'enya hicho. Herufi moja! Muhogo unaendelea kukua, virusi vinapungua nguvu.

Mihogo hiyo ikioteshwa upya maabara kutoka kwenye tishu za jani, kinga hupotea. Ikipandwa kwa kijiti, hubaki. Kwa hiyo maabara inayozalisha miche kwa njia ile lazima iipime kinga kabla ya kumpa mkulima.

Mimi naona ni hatari kutegemea CMD2 peke yake, maana virusi navyo hubadilika. Tena haizuii michirizi ya kahawia, ugonjwa wa virusi vingine kabisa. Katika miaka ya 1930 watafiti wa Amani, Tanganyika, walizalisha muhogo na ndugu yake wa porini, Manihot glaziovii, wakapata kinga inayobebwa na jeni kadhaa. Kinga za namna hiyo zichanganywe na CMD2, na mihogo ya kienyeji ya Kivu isitupwe.

Kwa msimu huu, pitieni shamba mihogo ikiwa bado na majani. Fungeni kamba kwenye mashina ambayo majani yake yote ni safi, na siku ya kupanda mkate vijiti kwenye hayo tu.