Kelele ya tapeti ni nini, na mbona inatokea injini ikiwa imetoka ovaholi

Lori limetoka ovaholi, pistoni mpya, ringi mpya, hedi imeskimiwa (uso wake umenyooshwa), valvu zimesagwa, unapiga stata linawaka vizuri tu halafu huko juu unasikia tiki tiki tiki tiki kama cherehani. Hiyo ndo kelele ya tapeti. Wengi wakiisikia wanadhani fundi kaharibu kazi, wengine wanaambiwa "itaisha yenyewe ikishazoea", na majibu yote mawili yanaweza kuwa uongo.

Tuchukue Isuzu za zamani zenye 4BD1, ile silinda nne ya lita 3.9, maana ni injini ya pushirodi na ukifungua tapeti kava karibu kila kitu kiko mbele ya macho. Kemshafti (shafti yenye vinundu vya kufungulia valvu) iko chini ndani ya bloku, inasukuma tapeti, tapeti inasukuma pushirodi, pushirodi inainua roka (mkono mdogo unaobembea) upande mmoja na upande wa pili roka inakandamiza valvu ifunguke. Kati ya roka na kichwa cha valvu panaachwa nafasi kidogo, kwa sababu chuma kikipata moto kinarefuka na valvu isipopata nafasi haitafunga mpaka mwisho. Kwenye 4BD1 nafasi hiyo ni milimita 0.40 injini ikiwa baridi, valvu ya inleti (ya kuingiza hewa) na ya ekzosti (ya kutoa moshi) sawa. Roka inaivuka hiyo nafasi ndo inagonga valvu, kwa hiyo kamlio kidogo ni halali kabisa, kelele inakuwa ugonjwa pale nafasi inapozidi.

Na hapa ndo watu wanaharibu injini: wanakaza tapeti, yaani wanapunguza ile nafasi, mpaka kimya. Valvu inayoning'inia haikai kwenye siti yake (pale inapokalia ikifunga), na valvu inatoa joto lake pale pale kwenye siti, sasa ya ekzosti inapitiwa na moto kila saa na haina pa kupozea, inaungua kimya kimya na mwenye gari anafurahi injini imetulia. Bora tapeti inayolia kidogo mara mia.

Kabla ya kushika spana hakikisha kelele ni ya huko juu kweli. Kemshafti inazunguka nusu ya mwendo wa krenki (shafti kubwa inayozungushwa na pistoni), kwa hiyo injini ikiwa kwenye mizunguko 600 kwa dakika bila kukanyaga mafuta, tapeti moja mbovu inagonga mara 5 kwa sekunde, wakati konrodi (mkono unaounga pistoni na krenki) iliyokula beringi inagonga mara 10 na mlio wake ni mzito, unatokea chini. Tatizo ni kwamba nozeli (inayopulizia dizeli kwenye silinda) nayo inapiga mara 5 na ndo inawachanganya watu wengi. Legeza nati ya paipu ya nozeli moja moja (weka kitambaa, usiweke mkono, ile presha inatoboa ngozi), mlio ukikata au ukipungua ujue ni nozeli au mambo ya pistoni na konrodi, usipobadilika kabisa basi rudi kwenye tapeti. Halafu vua tapeti kava, washa injini taratibu, oili itaruka kidogo ila vumilia, penyeza fila geji (kibati chembamba cha kupimia nafasi) kwenye roka moja baada ya nyingine, ile utakayopenyeza mlio ukapotea ndo hiyo hiyo.

Sasa kwa nini injini imetengenezwa juzi tu na inalia? Mara nyingi tapeti zilisetiwa (ile nafasi ilipimwa na kurekebishwa) pistoni ikiwa haiko juu kwenye kompresheni, pale valvu zake zote mbili zinapokuwa zimefunga. Weka silinda namba 1 juu, roka zake zote mbili ziwe zinacheza, hapo unaseti zote mbili za 1, inleti ya 2 na ekzosti ya 3, kisha zungusha krenki mzunguko mmoja kamili umalizie nne zilizobaki.

Ukishaseti vizuri na bado inalia, geuza roka uitazame uso wake unaogusa valvu. Roka ya zamani inachimbika kashimo, na fila geji ni bapa, inapita juu ya kashimo kama daraja, wewe unasoma 0.40 kumbe nafasi ya kweli ni kubwa zaidi. Hiyo utaseti mpaka kesho, dawa ni roka nyingine.

Kelele ikiwa kavu na roka zote zinalia pamoja, angalia kama oili inafika juu. Gasketi isiyo yake inaziba tundu la oili, silikoni iliyopakwa kwa wingi nayo inaziba, na roka shafti (chuma kinachobeba roka) ikifungwa vibaya matundu yake hayakutani na njia. Usiendeshe hivyo hata kilomita moja.

Ya mwisho ndo yenye gharama. Zungusha krenki kwa mkono ukiangalia kila pushirodi inapanda kiasi gani, inleti linganisha na inleti, ekzosti na ekzosti. Ikiwepo moja inayopanda pungufu kuliko wenzake na pushirodi yenyewe haijapinda, kemshafti imelika pale, kawaida ni kwa sababu ilifungwa mpya na tapeti za zamani. Hapo kemshafti inatoka na tapeti zake zote, na oili inamwagwa na filta inapasuliwa kuangalia chembe za chuma zimefika wapi.