Ukomo wa hedhi: tarehe inayojulikana ikishapita

Mwanamke huhesabiwa kuwa amekoma hedhi akitimiza miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, pasipo sababu nyingine kama mimba, kunyonyesha au dawa. Ukomo wenyewe ni ile hedhi ya mwisho, na hakuna anayeitambua siku anapoiona. Hujulikana mwaka mmoja baadaye, kwa kuhesabu kurudi nyuma. Wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Ikikoma kabla ya miaka 40, asiambiwe kwamba amewahi tu. Hiyo ni hali ya kutibiwa, kwa sababu mifupa na moyo vitakaa miaka mingi bila homoni vilizopaswa kuwa nazo.

Vurugu ambazo watu huziita ukomo mara nyingi ni za kipindi cha mpito kinachotangulia, cha miaka minne hivi, kwa wengine zaidi. Mayai yanakwisha kwenye ovari. Ubongo ukiona homoni ya kike, estrojeni, inashuka, huongeza homoni ya FSH ili kuzihimiza ovari. Mwezi mmoja ovari zinaitika kupita kiasi na estrojeni inapanda. Mwezi unaofuata yai halitoki kabisa. Yai lisipotoka, projesteroni, homoni inayoudhibiti utando wa ndani wa mji wa mimba, haipatikani, na utando huo unazidi kunenepa hadi unapobomoka kwa damu nyingi. Ndiyo maana hedhi inakuja baada ya siku 22, kisha 50, leo matone, kesho mabonge.

Kwa sababu hiyohiyo, kipimo cha damu cha FSH kwa mtu aliyevuka miaka 45 mara nyingi ni kupoteza fedha: leo kinasoma juu, wiki mbili zijazo kinasoma kawaida. Kalenda iliyotiwa alama siku damu inapoanza na inapokatika itamfaa daktari zaidi. Kipimo hicho kina kazi kwa aliye chini ya miaka 40, tena kirudiwe baada ya wiki nne hadi sita.

Lakini si kila damu ni ya umri. Kubadili pedi iliyolowa kila saa moja au mbili, damu kupita siku saba, au kutoka damu baada ya tendo la ndoa, yote yanahitaji uchunguzi. Uvimbe wa kizazi hupenda umri huu, na wapo wanaoishi na upungufu wa damu huku wakidhani ni uchovu wa utu uzima.

Hesabu ya miezi ina uzito pia kwenye uzazi wa mpango. Katika mpito mimba bado inaingia. Kanuni inayotumika ni hii: hedhi ya mwisho ikija kabla ya miaka 50, endelea na kinga kwa miaka miwili, ikija baada ya 50, mwaka mmoja. Tatizo ni kwamba sindano ya miezi mitatu na kijiti hukata hedhi vyenyewe, kwa hiyo anayevitumia hana cha kuhesabia. Hata akiacha sindano, hedhi yaweza kuchelewa kurudi kwa karibu mwaka. Damu ya kila mwezi ya mtumiaji wa vidonge vya uzazi wa mpango vya mseto (vyenye homoni mbili) nayo ni ya vidonge, haisemi chochote kuhusu ovari. Kitanzi cha shaba hakivurugi hesabu. Kwa Waislamu hesabu ina upande mwingine: eda ya talaka ya aliyekoma hedhi ni miezi mitatu (Sura At-Talaq, aya ya 4), na aliye katikati ya mpito, damu ikienda na kurudi, amuulize mwanachuoni mapema.

Joto la ghafla linatoka ubongoni. Sehemu inayopima joto la mwili inakuwa nyepesi mno: nyuzijoto zikipanda kidogo tu inaamuru mishipa ya ngozi ifunguke na jasho litoke. Moto unaanza kifuani, unapanda shingoni na usoni, unakaa dakika moja hadi tano, kisha baridi. Kwa wengi hali hii hujirudia kwa miaka saba hivi. Huku kwetu huchanganywa sana na malaria, na mtu anameza dawa mseto mara ya tatu kwa mwaka bila kupimwa. Kipimajoto kinasaidia kutofautisha: joto la ukomo halifikishi 38, wala halidumu kwa saa kadhaa pamoja na kichwa kuuma. Ukiwa na shaka, pima malaria kwanza. Jasho la usiku linaloambatana na kukonda au kikohozi cha wiki mbili linahitaji kipimo cha kifua kikuu.

Kwa joto jepesi, nguo na shuka za pamba, feni, na kupunguza pombe, pilipili na vinywaji vya moto vinatosha. Likimnyima mtu usingizi, tiba yenye nguvu kuliko zote ni homoni. Mwenye mji wa mimba hapewi estrojeni peke yake, maana utando ungenenepa na kuelekea kwenye saratani. Huongezewa projesteroni, kwa mfano miligramu 100 kila usiku, au 200 kwa siku 12 hadi 14 za kila mwezi. Aliyeondolewa mji wa mimba hutumia estrojeni pekee. Ya kubandika au kupaka ngozini haichochei damu kuganda kama ya kumeza. Hazimfai aliyepata saratani ya matiti, kiharusi au damu kuganda, mwenye ini lililoharibika, wala anayetoka damu isiyojulikana chanzo. Wengi waliziogopa baada ya utafiti wa Marekani wa mwaka 2002, ila washiriki wake walikuwa na wastani wa miaka 63. Anayeanza kabla ya 60, au ndani ya miaka 10 tangu ukomo, kwa kawaida faida yake huzidi hatari. Asiyeweza homoni aulize kuhusu dawa zisizo za homoni: venlafaksini, au gabapentini ikiwa shida kubwa ni ya usiku. Homoni hizi hazizuii mimba.

Ukavu wa uke, tofauti na joto, hauishi wenyewe; unazidi, na huleta UTI za mara kwa mara. Estrojeni ya ukeni ya dozi ndogo hutumiwa kila usiku kwa wiki mbili, kisha mara mbili kwa wiki. Kilainishi kiwe cha maji. Mafuta ya nazi hupasua kondomu. Vifuko vya mitishamba vya “kusafisha kizazi” viacheni dukani: ngozi ya uke sasa ni nyembamba, inaungua na kuchubuka, na hakuna uchafu wa kusafishwa.

Mifupa hupungua haraka zaidi miaka ya mwanzo baada ya ukomo. Lengo la kalsiamu ni miligramu 1,200 kwa siku. Glasi ya maziwa au mtindi ina kama 300. Dagaa liwe zima na mifupa yake. Sukuma wiki inatoa kalsiamu vizuri kuliko mchicha, ambao una oksaliti inayoizuia isifyonzwe.

Damu yoyote baada ya ile miezi 12, hata tone moja, ipelekwe hospitali wiki hiyohiyo. Mara nyingi ni ukavu tu, lakini saratani ya mji wa mimba hujitangaza hivyohivyo. Ultrasaundi ya ukeni hupima utando. Ukiwa chini ya milimita 4 hatari ni ndogo, ukizidi hukatwa kipande kidogo cha utando kikapimwe. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, omba kipimo cha HPV, kirusi kinachoisababisha, badala ya kile cha kupaka siki na kuangalia. Baada ya ukomo, eneo linaloanza kuharibika hupanda ndani ya njia ya mlango, na mpimaji anayeangalia kwa macho halioni.