Kwa nini lenzi ya zamani inagoma kwenye kamera ya dijitali

Lenzi za mitumba ni nyingi Kisumu siku hizi. Kijana anayeanza kupiga harusi anapata zumu ya 70-300 (milimita) ya miaka ya tisini ya Sigma, kampuni tofauti na Canon, kwa bei nafuu, anaifunga kwenye Canon yake, anabonyeza, na kamera inamwandikia Err 01 au, kama bodi (kamera yenyewe bila lenzi) ni ya zamani kidogo, Err 99. Ujumbe wenyewe unamwambia asafishe pini za lenzi. Anasugua kwa raba, anasugua tena, wapi! Akifika kwenye meza yangu ameshaambiwa na watu kwamba lenzi imekufa. Mara nyingi haijafa, na huniuma kuona kioo kizuri kikitupwa.

Canon walipoleta mfumo wa EF mwaka 1987 waliondoa vijiti vyote vya kusukumana kati ya kamera na lenzi. Kila agizo hupita kwa umeme kwenye zile pini: sogeza fokasi, kunja tundu la kupitishia mwanga hadi f/8, yaani dogo zaidi. Siri ya maagizo hayo Canon hawakuwagawia watengenezaji wengine, kwa hiyo Sigma na wenzao waliyachunguza wenyewe kwenye kamera zilizokuwepo wakati huo, yaani za filamu. Ni kama mgeni aliyejifunza Kijaluo kwa kusikiliza tu sokoni Kibuye: salamu anazo, bei anazijua, lakini mzee akimweleza jambo kwa namna nyingine anabaki kimya. Bodi za dijitali zilipokuja na namna yao ya kuagiza, lenzi nyingi kati ya hizo zilibaki kimya. Lenzi za Canon zenyewe za 1987 bado zinafanya kazi kwenye bodi za dijitali za EF.

Agizo linalokwama ni lile la tundu. Unapolenga, tundu huwa wazi kabisa; vibamba vyake hujikunja pale tu shata inapofyatuka. Ndiyo maana kila kitu huonekana sawa dukani: picha iko safi kwenye kitafutio (kile kidirisha cha kuchungulia), fokasi inakamata, muuzaji anatabasamu. Ukipiga tundu likiwa wazi, hakuna cha kukunja, picha inatoka. Weka f/8, agizo linatumwa, jibu halirudi, kamera inagoma.

Kwa hiyo nenda dukani na bodi yako mwenyewe. Weka kamera kwenye Av (wewe unachagua tundu, kamera inachagua kasi ya shata), piga kwa namba ndogo kabisa ya tundu, yaani likiwa wazi, kisha piga kwa f/8. Ya kwanza ikipita na ya pili ikagoma, usiseme bado ni chipu, ule ubongo wa lenzi unaopokea maagizo. Zungusha pete ya zumu polepole, ukipiga kwa f/8 katika kila hatua. Kosa likija kwenye 200 na kupotea kwenye 70, anza kushuku ule utepe mwembamba wa nyaya unaopeleka umeme kwenye tundu. Hukatika kwa kukunjwa miaka mingi, na huo fundi anaweza kuubadilisha. Kosa likiwa lilelile popote pete ilipo, na lenzi ikifanya kazi vizuri kwenye EOS (kamera ya Canon ya mfumo huu wa EF) ya filamu, basi tatizo ni maagizo. Hapo raba haisaidii.

Zamani Sigma walibadilisha chipu kwa baadhi ya lenzi, lakini zile za kale kabisa vipuri vyake viliisha. Lenzi zao mpya zinasasishwa kwa kifaa cha USB, na Tamron nao wana chao; vyote viwili havizisaidii hizi za miaka ya tisini. Anayekuuzia kwa ahadi kwamba "itasasishwa tu" mkatalie.

Kuna kasoro nyingine ya kimyakimya. Lenzi kadhaa za kampuni nyingine hujitambulisha kwa namba ya lenzi ya Canon, na kamera ikiwa imewashwa marekebisho ya kasoro za lenzi, inarekebisha lenzi isiyokuwepo. Unapata miduara ya ajabu kwenye picha. Zima marekebisho hayo kwenye menyu.

Kwa watu wa Nikon kisa ni kingine. Bodi ndogo kuanzia D40 ya mwaka 2006, pamoja na familia za D3000 na D5000, hazina mota ya fokasi. Lenzi ya zamani ya Tamron au Tokina inayozungushwa na mota ya bodi itapiga picha, tundu litajikunja, ila fokasi utazungusha kwa mkono. Geuza lenzi uangalie nyuma: ukiona kishimo kidogo chenye umbo la kichwa cha skrubu bila pini za umeme wa mota, ndiyo hiyo. Kwenye D90 na D7000 itafanya kazi kawaida. Adapta ya FTZ, ya kufungia lenzi hizi kwenye kamera za Nikon Z, nayo haina mota hiyo.

Na kama umeshanunua Sigma inayogoma? Itumie tundu likiwa wazi. 70-200 ya f/2.8 iliyokwama hapo bado inapiga uso wa bibi harusi vizuri sana. Kwa ndege wa mafunjo pale Dunga utapunguza ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na kukimbiza shata. Kwa picha ya pamoja ya familia, watu wakiwa safu tatu, tundu lililo wazi haliwezi kuwakamata wote kwa fokasi, kwa hiyo chukua lenzi nyingine.