Picha ya ufukwe haina saa: dhana potofu za kuchagua pa kupiga hema pwani

Siku moja baada ya mwezi mpevu, Ijumaa usiku, tulifika kwenye kambi moja kusini mwa Kigamboni, Dar es Salaam, tukiwa tumechoshwa na foleni. Saa tatu na nusu. Mbalamwezi ilikuwa kali hata tochi hatukuiwasha. Mbele yetu mchanga ulilala kama mkeka, mgumu, safi, bila jani wala kifuu, na bahari ikisikika kwa mbali. Mlinzi akatuonyesha sehemu ya mahema huko juu kwenye mivinje, penye mizizi na majani makavu. Tukamwona mzee hajui raha. Tukashuka mchangani, tukasimamisha hema, tukalala.

Saa kumi na nusu alfajiri niliamshwa na godoro. Lilikuwa linaelea.

Ule mchanga ulikuwa safi kwa sababu bahari ndiyo iliyoufagia, na hufagia mara mbili kwa siku. Tangu hapo nimeona kwamba makosa mengi ya kuchagua kambi ya pwani yana mzizi mmoja: tunachagua kwa picha, na picha ni ya dakika moja. Wewe unakwenda kukaa pale saa arobaini, usiku mbili zikiwemo.

"Hema likikaribia maji ndiyo raha yenyewe"

Pwani ya Afrika Mashariki maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50. Siku za bamvua, yaani zile zinazozunguka mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huzidi mita 3. Kwenye ufukwe tambarare kama wa kwetu, mita 3 za kwenda juu ni mwendo mrefu sana wa kuja mbele. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo hupungua mno. Halafu kuna bamvua za Machi na Septemba, ambazo huwa kubwa kuliko za kawaida. Mtu aliyepiga hema mahali palepale Agosti akalala mkavu anaweza kurudi Septemba akaogeshwa.

Kwa hiyo kumuuliza msimamizi kama bahari iko mbali hakukusaidii kitu. Iko mbali saa ngapi? Ukifika, tafuta mstari wa takataka: mwani mkavu, vijiti, makumbi ya nazi, ndala ya mguu mmoja. Mara nyingi utakuta mistari miwili, mmoja mbichi wa leo na mwingine uliokauka, juu zaidi, ulioachwa na bamvua iliyopita. Hema likae juu ya huo wa pili. Yale majani yanayotambaa mchangani yenye maua ya zambarau ni ishara nzuri, maana hayaoti mahali panapofunikwa na maji kila mara. Na kama kuna wavuvi, tazama wamezivuta ngalawa zao mpaka wapi. Hakuna mtu anayesukuma chombo kizito mita kumi za ziada kwa ajili ya mazoezi.

"Nikishafika pwani nitaoga muda wowote"

Hapa ndipo wageni kutoka bara hulia zaidi. Wamefika Jumamosi saa nne asubuhi, watoto wamevaa nguo za kuogelea, na bahari haipo. Kuna tope, nyasi bahari, na mama anayeokota chaza huko mbali. Si kwamba wamedanganywa kwenye picha. Ilipigwa saa kumi jioni.

Mwendo wa saa kwenye pwani hii unakaririka. Siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Juma moja baadaye, kwenye maji mafu, mambo hugeuka: maji yamejaa kiasi saa nne asubuhi. Wazee wa pwani hesabu hii huifanya kwa tarehe za mwezi wa Kiislamu, kwamba tarehe 1 na 15 ni bamvua, tarehe 7 au 8 na 22 ni maji mafu, na wewe huna haja ya programu ya simu kuijua. Wikendi ya mwezi mpevu ina usiku mzuri wa kukaa nje na asubuhi isiyo na bahari. Ukiwa na watoto wanaoamka saa kumi na mbili wakitaka maji, chagua ya mwezi nusu.

Umbo la ufukwe nalo lina neno. Paje na Jambiani, mashariki mwa Unguja, maji yakipwa hurudi nyuma mamia ya mita, na ndiyo maana wakulima wa mwani hufanya kazi zao pale. Nungwi na Kendwa, kaskazini mwa kisiwa hichohicho, hayaendi mbali hivyo, na watu huoga karibu saa zote. Ni bahari moja. Kilichotofautiana ni sakafu yake.

Na maji yakiwa yametulia, usiseme basi ni salama kwa yeyote. Mahali penye mwamba mbele, mawimbi huvunjikia huko nje, ndani pakawa kama bwawa. Lakini maji yaliyoingia juu ya mwamba lazima yatoke, na hutokea kwenye mlango, ule uwazi wanaopita wavuvi. Yakianza kupwa siku ya bamvua, mlangoni pale huvuta kama mto. Muulize mwenyeji mlango uko wapi kabla hujavua viatu, na watoto waoge mbali nao. Fukwe nyingi hazina mwokoaji wa aina yoyote. Aliye karibu nawe ni mvuvi, naye ana kazi zake.

"Chini ya mnazi ndipo penye kivuli"

Wenyeji watakwambia nazi ina macho, haimwangukii mtu. Mimi sijawahi kuiona ikifungua hayo macho. Hata ukiamini, kuti kavu halina macho, nalo huanguka usiku wa upepo kwa kishindo kinachotosha kuvunja nguzo za hema. Kambi yenye minazi iliyoangusha makuti mengi chini, yasiyookotwa, ni kambi isiyotunzwa. Mvinje ni mti bora wa kulalia: majani yake membamba huchuja jua, na godoro la majani makavu chini yake ni laini kuliko mchanga mtupu.

Kosa kubwa zaidi la kivuli ni upande. Unafika saa kumi jioni, unaona kivuli kizuri kimelala upande wa bahari, unapiga hema hapo. Lakini pwani ya Tanzania bara na Kenya inatazama mashariki. Jua hutoka baharini saa kumi na mbili na kidogo, na asubuhi kivuli cha mti huo huo kimehamia upande wa bara. Saa moja na nusu hema lako ni tanuri na wewe ndiye mkate. Piga hema nyuma ya mti, upande wa nchi kavu. Jioni utapigwa na jua kidogo, ila jioni hulali.

Hapohapo niwavunje moyo wanaotafuta kambi ya kutazama jua likizama baharini: kwa karibu pwani yote ya bara, jua huzama nyuma yako, kwenye mashamba. Zile picha za jua jekundu na jahazi ni za upande wa magharibi na kaskazini wa Unguja. Huku kwetu amka mapema.

"Upepo wa bahari hufukuza mbu, na maji ya chumvi hayazai mbu"

Nusu ya kwanza ina ukweli wa mchana. Upepo ukivuma kutoka baharini, mbu hawezi kuruka vizuri. Tatizo ni kwamba jioni upepo hutulia, na usiku hewa huanza kutoka nchi kavu kuelekea baharini. Ndio ule upepo uitwao umande, ambao wavuvi wa matanga hutokea nao alfajiri. Kwa hiyo usiku wote hema lako linapokea hewa inayopita kwanza kwenye mikoko, kwenye kisima, kwenye shimo la takataka nyuma ya jiko. Unapochagua kambi, igeukie bahari mgongo na utazame kilichoko nyuma.

Nusu ya pili si kweli. Kuna mbu aitwaye Anopheles merus ambaye huzaliana kwenye madimbwi ya maji ya chumvichumvi pwani yetu, na ni miongoni mwa wanaosambaza malaria. Na yule wa dengue, mwenye madoa meupe miguuni, huuma mchana, huzaliana kwenye matairi na vifuu vilivyojaa maji ya mvua. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019. Chandarua cha hema kiwe kizima, zipu ifungwe kabla ya saa kumi na mbili jioni, na dawa ya kupaka ipakwe mchana pia. Usubi ni habari nyingine: hupenya hata tundu la chandarua cha kawaida, na kwenye mikoko jioni hakuna ujanja zaidi ya kuondoka hapo.

"Pwani ni joto mwaka mzima, mwezi wowote sawa"

Kambi moja inaweza kuwa pepo Februari na adhabu Julai. Kaskazi, msimu wa upepo wa kaskazini mashariki, kuanzia kama Desemba hadi Machi, huja na joto: Dar es Salaam mchana hufika nyuzi 32, na usiku hushuka kwa shida chini ya 25. Wakati huo tafuta kambi iliyo wazi, yenye kupigwa na upepo, na hema lenye nyavu pande mbili. Kusi, kuanzia kama Mei hadi Septemba, hewa ni baridi kidogo, lakini upepo wa kusini mashariki huvuma kwa nguvu. Pale palipokuwa wazi, pakasifiwa Februari, sasa panakung'oa. Vile vigingi vifupi vinavyouzwa na hema havishiki mchangani. Jaza viroba mchanga, vifunge kamba, vifukie. Hapo hema litakaa. Masika, Machi hadi Mei, swali ni barabara: kilomita chache za vumbi za kwenda ufukweni ndizo zitakazoamua kama gari dogo litatoka Jumapili.

"Ufukwe ni wa wote, unapiga hema popote"

Kupita, ndiyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ya Tanzania, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, na wengi wameigeuza kuwa ruhusa ya kulala popote. Hema si jengo, lakini ardhi iliyo nyuma ya ufukwe ina kijiji, na kijiji kina mwenyekiti. Ukitaka kulala nje ya kambi rasmi, pita kwake kwanza, umsalimie, ueleze mko wangapi na mnaondoka lini. Si urasimu tu: usiku wa manane ukisikia nyayo, utafurahi kwamba kuna mtu anajua uko pale.

Kwenye maeneo ya hifadhi hakuna mjadala. Saadani ni hifadhi ya taifa inayopakana na bahari, wanyama hutembea hadi mchangani, na unalala palipotengwa kwa kulipia. Watamu na Malindi, huko Kenya, ni hifadhi za bahari tangu 1968. Tangu tarehe 5 Juni 2020, Kenya hairuhusu chupa za maji za plastiki na sahani za kutupa kwenye hifadhi na fukwe zake zilizolindwa. Na mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019. Fungasha ukijua hivyo.

Fukwe ambazo kasa hutaga zina adabu yake: taa kali zizimwe, moto usiwashwe mchangani. Vitoto vya kasa hutoka usiku vikifuata mwangaza, vikidhani ni bahari. Wakaona balbu ya kambi, wakaja kwako. Karibu na Ushongo, Pangani, kuna Maziwe, kisiwa ambacho zamani kilikuwa na mivinje na kasa wengi. Miti ikatoweka, mchanga ukaliwa, na leo bamvua hukifunika chote. Bado huwa naulizwa kama mtu anaweza kupiga hema Maziwe.

"Kuna maji na pametulia"

Hiyo hujibiwa kila kambi, na wala si uongo. Maji yapo, ya kisima, ya chumvi: sabuni haitoi povu na chai haiingii mdomoni. Uliza kama ni baridi, yaani yasiyo na chumvi, au ya chumvi, kisha hata wakikwambia baridi, beba ya kunywa.

Utulivu nao upo, Jumatano. Ndiyo sababu siku hizi sipigi simu ya kuulizia nafasi mchana wa siku ya kazi. Napiga Jumamosi, saa tatu usiku. Msimamizi akipokea, kabla sijamsalimu nasikiliza kwanza nyuma yake kunalia nini.